Makaburi ya Wenye Shamba

Kamisawa, 19 Mei 1985

Mdogo wangu Seikichi,

Pokea salamu za huku kwetu, wewe na wifi yangu Fumiko na mwanenu Mayumi. Sisi wazima. Theluji ya mwisho imeyeyuka nyuma ya ghala wiki iliyopita tu, na micheri imechanua kwa kuchelewa kama bibi harusi anayetaka kubembelezwa. Shemeji yako Tokuji mgongo unamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Jana kamaliza achari yote ya figili niliyoitunza tangu Desemba, halafu ananiuliza, "Hivi mwaka huu hukutengeneza?" Nyumba ndiyo hiyo, unaijua.

Sasa sikia habari yangu, na usicheke kabla hujafika mwisho. Nimeajiriwa. Ndiyo, mimi, dada yako mwenye miaka sitini na miwili. Nina kofia, nina glavu, nina mwiko wangu kama fundi mwashi, na jina langu limeandikwa kwenye orodha.

Wanapitisha barabara ya mchepuko huku juu, kwenye uwanda wa misonobari. Kabla ya barabara, sheria inataka ardhi ichunguzwe kama ina vitu vya kale, na vimeonekana tele. Basi ofisi ya mkoa imekusanya wanawake wa vijiji vitatu, jumla yetu thelathini na wawili. Saa mbili asubuhi tunajipanga mstari kama bata, kila mtu na kijembe chake, tunakwangua. Tingatinga limekwishaondoa udongo wa juu. Chini upo ule wa manjano, wa majivu ya mlima wa moto. Tukiona duara jeusi juu ya manjano, ndilo shimo. Mtu alilichimba zamani, likafunikwa na udongo mweusi. Mashimo mengine walihifadhia chakula, mengine ni makaburi. Ni watu wa miaka elfu tatu na ushei, Seikichi, kabla mpunga haujafika nchi hii.

Kiongozi wetu anaitwa Hatanaka. Ana miaka thelathini na moja, angeweza kuwa kitinda mimba wangu, lakini tunamwita Mwalimu. Pembeni yangu yupo Yoshino, yule aliyekusukuma kwenye jaruba la mpunga ukiwa darasa la tatu. Hajabadilika. Juzi kamuuliza, "Mwalimu, hawa wazee wa kale walikuwa na wake wangapi?" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Mama Yoshino, hata mifupa yao imeliwa na udongo. Ndoa zao nitazijulia wapi?" Mstari mzima ulilala chini kwa kicheko.

Nimechoka magoti, lakini usiku nalala kama mtoto. Niandikie.

Dada yako,
Kinue

—

Kawasaki, 9 Juni 1985

Dada Kinue,

Barua yako imefika tukiwa mezani, Fumiko akaisoma kwa sauti. Amecheka mpaka kaacha samaki akaungua. Sisi hatujambo. Mayumi ameingia mwaka wa pili wa uuguzi, siku hizi kila nikikohoa ananishika mkono kuhesabu mapigo ya moyo. Kazini bado nipo na tingatinga langu. Nyapara ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, ananiita "mzee" na anadhani ananiheshimu.

Lakini dada, umri wote huo umekaa ukitafuta kazi, ukaona ya maana ni kufukua makaburi ya watu msiojuana? Hao wakiamka watakuuliza wewe mtoto wa nani, utawajibu nini?

Utani huo. Ila nikwambie ukweli kama mtu wa mashine. Kazi hiyo mnayoifanya kwa mwiko mwaka mzima, mimi ningeimaliza asubuhi moja na chai nikanywa. Barabara ikichelewa, hakuna anayemlaumu Mwalimu wako. Wanalaumiwa watu kama mimi. Hao wa kale wamelala miaka elfu tatu, wakihamishwa siku moja hawatajua.

Na mbona hukutaja shamba ni la nani? Uwanda wa misonobari una mashamba mengi.

Mpe pole shemeji. Mwambie asilalie godoro laini.

Seikichi

—

Kamisawa, 14 Julai 1985

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mvua za mwezi wa sita zimetunyeshea bila huruma, mashimo yakajaa, tukawa tunateka maji kwa ndoo kama wanaookoa mashua inayozama. Godoro gumu limemsaidia shemeji yako, kwa hiyo siku hizi kila mgeni anafundishwa habari za godoro. Wewe ndiye umeniletea balaa hilo.

Umesema ungeimaliza kazi yetu asubuhi moja. Nakuamini. Kaa sasa nikusimulie.

Ilikuwa Jumanne, tarehe mbili. Nilikuwa nakwangua ukingoni kabisa mwa eneo, karibu na vigingi vya mpaka, nikaona doa jeusi la umbo baya, limepinda kama figo. Nikamwita.

"Mwalimu, hapa pamechimbwa."

Akachuchumaa, akatazama. "Hapana, Mama Kinue. Hapa mti ulianguka zamani, mizizi ikang'oka na udongo. Ndiyo maana ukingo umepinda. Tuendelee."

"Mti ukianguka unageuza udongo mapande mapande. Wa manjano huku, mweusi kule. Huu umechanganywa. Mtu ameutoa, kisha akaurudisha."

"Umejuaje?"

"Mwalimu, nimechimba viazi vikuu miaka arobaini. Kila mwaka majani yakianguka naingia kwenye mtaro unaonifika kiunoni. Ukirudi mwakani palepale, hata ukifumba macho, mkono unakwambia hapa uliwahi kupita. Udongo ukishachimbwa haurudi kuwa mwali."

Yoshino akapiga yowe, "Kinue! Mbele ya kijana!" Mwalimu akawa mwekundu masikio yote mawili. Lakini hakukubali. Akasema keshokutwa tingatinga linakuja kusafisha ukingo ule, na hakuna muda wa kuchezea mizizi.

"Basi nipe saa ya chakula," nikamwambia. "Saa yangu mwenyewe. Nikikuta mzizi, nitaula mbele yako."

Wenzangu wakaenda chini ya turubai na matonge yao ya wali. Mimi nikapiga magoti. Nikakata nusu ya shimo tu, kama tulivyofundishwa, nusu nyingine ikabaki imesimama kama keki ili tabaka zisomeke. Mara Yoshino akaja amesimama juu yangu. "We mwanamke, hata marehemu saa hizi wanakula." Nikaendelea kukwangua. Akaguna, akachukua mwiko wake, akashuka.

Mkono ulipozama hadi kiwiko, udongo ukabadilika rangi. Ukawa mwekundu, Seikichi. Si wekundu wa kutu. Mwekundu kama pilipili iliyosagwa, umetandazwa chini kwa usawa, na mtu, kwa makusudi. Walikuwa wakiwamwagia wapendwa wao vumbi hilo kabla ya kuwafunika.

Mwalimu alikuja na tonge mkononi. Likamponyoka. "Mama Kinue, acha hapo. Usiguse tena." Akapiga magoti kwenye tope, akatazama muda mrefu, kisha akasimama, akavua kofia, akaniinamia mbele ya wanawake thelathini. "Nilikosea. Samahani."

Kijana wa chuo kikuu ameniinamia mimi, niliyeishia darasa la sita kwa sababu palikuwa na mdogo wa kulea. Mdogo huyo unamjua. Nilirudi nyumbani siku ile natembea katikati ya barabara, magari yakanipisha.

Shimo lile limepewa namba arobaini na saba. Kulizunguka tumekuta mengine kumi na moja. Kumbe ni uwanja mzima wa makaburi, na nusu yake iko nje ya vigingi. Shida ni muda. Wenye barabara wanataka kukabidhiwa eneo mwisho wa Septemba, na Mwalimu anasema makaburi hayo yanahitaji mpaka Novemba. Amewaandikia ofisini, wamemjibu kwa barua ndefu isiyosema kitu.

Wewe umesawazisha vilima vingapi huko tangu ujana wako! Niambie, mlipokuwa mnakutana na vitu kama hivi, mlikuwa mnafanyaje?

Dada yako,
Kinue

—

Kamisawa, 11 Agosti 1985

Seikichi,

Umekaa kimya wiki nne. Nimempigia Fumiko kwa simu ya dukani, anasema u mzima na unakwenda kazini. Kwa hiyo si ugonjwa. Basi ni hasira, na sababu naijua, acha niitaje mwenyewe.

Shamba ni letu. Ni lile la baba.

Tulitia saini ya kuliuza kwa ajili ya barabara mwaka juzi, mimi na Tokuji. Nilitaka kukuandikia, nikaahirisha, kisha nikaona haya kwa kuahirisha, nikaahirisha tena. Wewe ndiye mtoto wa kiume. Ulipaswa kuulizwa.

Keshokutwa sikukuu ya wafu inaanza, tunawapokea marehemu wetu. Nimekwishaosha kaburi la baba na mama. Unakumbuka baba alivyokuwa akikusanya vigae vya vyungu vilivyotokea kwenye jembe, akavipanga kwenye mpaka wa shamba? Na siku kama hizi akaviwekea maandazi ya mchele. "Hawa ndio wenye shamba. Sisi wapangaji." Mwaka huu nimewapelekea maandazi pale kwenye mashimo. Wenzangu walidhani nitachekwa. Mwalimu ndiye wa kwanza kuinamisha kichwa.

Ukiwa umenikasirikia, andika matusi. Ila andika.

Kinue

—

Kawasaki, 25 Agosti 1985

Dada,

Sijakukasirikia. Shamba ulilima wewe, mimi niliondoka nikiwa na miaka kumi na minane na sikugeuka. Lingekuwa langu kwa lipi? Ungetia saini hata mara tatu.

Fumiko na Mayumi wanakusalimu. Joto la huku linayeyusha lami. Naandika haya barazani, wao wamekwenda sokoni.

Umeniuliza tulikuwa tunafanyaje. Nimeianza barua hii mara nne.

Mwaka 1969, mwezi wa tatu, tulikuwa tunasawazisha kilima kinaitwa Kitsunedai, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Walitaka kujenga majumba ya ghorofa. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, dereva bora wa kampuni, kampuni ambayo leo haipo. Nilipitisha kisu cha tingatinga mara ya pili, nikaangalia nyuma, nikaona maduara. Meusi, yamejipanga kama yamechorwa. Sikuhitaji Mwalimu wa kuniambia, mimi ni mtoto wa baba. Nikazima mashine, nikashuka. Chungu kizima kilikuwa kimelala ubavu, na chini yake wekundu. Ule ule uliouona wewe. Ulipoandika "kama pilipili iliyosagwa", niliweka barua chini nikatoka nje.

Nyapara akaja mbio. Nikamwonyesha. Akatazama saa yake, hakutazama shimo. "Tukisema, kazi inasimama miezi sita, na watu arobaini wanarudi kwao. Umeona kitu?"

Nikakitazama kile chungu.

"Nakuuliza, Seikichi. Umeona kitu?"

"Sijaona."

"Basi maliza kabla ya chakula cha mchana."

Nikamaliza, dada. Kabla ya chakula cha mchana. Mashimo ishirini, labda thelathini, sikuhesabu. Jioni wakaninunulia bia, nikanywa.

Nyumbani nimekuja mara moja tu tangu siku ile, kwenye mazishi ya baba. Nilipita kwenye mpaka wa shamba, nikaviona vigae vyake vimepangwa. Mlidhani namlilia baba, na kweli nilimlilia. Ila haikuwa hiyo tu. Tangu hapo kila mwaka nimekuwa na kazi nyingi mno hata nisiweze kuja. Wewe hukuwahi kuniuliza kazi gani.

Yametosha hayo. Sasa fanya nitakalokwambia, kwa sababu hili nalijua.

Msiandike barua tena. Ofisi inajibu barua kwa barua. Nenda kwa msimamizi wa ujenzi mwenyewe, yule anayevaa buti. Usimwombe asimamishe kazi, hilo hawezi, atafukuzwa. Mwombe abadilishe mpangilio. Uwanda ule naujua, barabara ikitoka pale itashuka kwenye kijito. Pale lazima kuwe na kalvati la kupitisha maji chini ya barabara, na kalvati ni kazi ya miezi miwili. Kama walipanga kusafisha juu kwanza, ni mazoea tu. Wakianza na kalvati hawapotezi hata siku moja, ninyi mnapata Oktoba na Novemba bure. Mwambie kama mtu anayejua.

Na kabla hujamwambia, mshushe shimoni. Achuchumae, aone ule wekundu kwa macho yake. Nyapara wangu hakutazama, ndiyo maana aliweza.

Seikichi

—

Kamisawa, 6 Oktoba 1985

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa kila mtu, hata Yoshino, anayesema deni la kukusukuma jarubani halijafutika kwa sababu ulimng'ata. Mpunga umevunwa, matofaa yamekuwa mekundu, na Tokuji amepanda mtini kwa ngazi licha ya huo mgongo. Kateremshwa na jirani.

Umekosea, Seikichi. Sitakufariji kwa uongo, mimi si mkeo. Ulikosea mara moja kwa mashine na miaka kumi na sita kwa kufumba mdomo. Niliisoma barua yako jikoni, nikaikunja, nikaenda kuchimba. Nimemaliza kusema hilo, silirudii.

Sasa sikia ulichofanya.

Msimamizi wa ujenzi anaitwa Nozawa, bonge la mtu, kofia yake ya kazi imemkalia kichwani kama kifuniko cha chupa. Tulikwenda wanawake sita, na chupa ya chai na mkate wa ngano tuliouoka. Mwalimu alitaka kutuzuia, akasema tutamharibia. Nikamwambia akae akachore ramani zake.

"Akina mama, nina haraka," Nozawa akasema.

"Hata sisi. Njoo uone kitu cha dakika tano."

Akashuka shimoni akilalamika buti. Nikamwondolea turubai. Akachuchumaa. Dakika tano zikapita, na kumi. Mwishowe akavua kofia. "Huyu alikuwa na watu waliompenda," akasema.

Hapo ndipo nikamweleza habari ya kalvati. Akanikazia macho. "Nani kakwambia kalvati linaweza kutangulia?"

"Mdogo wangu. Dereva wa tingatinga Kawasaki, miaka zaidi ya thelathini."

"Huyo anajua kazi," akasema. Akafungua daftari lake palepale, akaandika. Tumepewa mpaka tarehe ishirini na tano Novemba. Wanaume wa ofisini waliandikiana miezi miwili. Wewe umelimaliza kwa karatasi mbili kutoka barazani kwako. Nilimwambia Mwalimu jina lako. Aliniuliza linaandikwaje.

Na hii ndiyo faida yake. Tarehe kumi na nane Septemba, kwenye ile nusu ya shimo la arobaini na saba tuliyoiacha imesimama, nilikuwa nafagia kwa brashi ya kupakia rangi, upande wa kichwa. Ukatokea mstari mwekundu unaong'aa, si vumbi. Nikaweka brashi, nikachukua kijiti cha mwanzi. Kitana, Seikichi! Mti wake umeoza zamani, umebaki utomvu mwekundu waliokipaka, mwembamba kama ganda la kitunguu, lakini umbo lote lipo, meno tisa, na juu pembe mbili ndogo. Wamekuta viwili vingine makaburi ya jirani. Mwalimu anasema katika mkoa huu havijawahi kupatikana vingi hivyo mahali pamoja. Wamekuja wazee wa vyuo vikuu kwa treni, wakalala kifudifudi kwenye tope letu na suti zao.

Mifupa hakuna, ni meno matatu tu ya mtu. Mwanamke au mwanamume, hatujui. Lakini mtu alimchana nywele kwa mara ya mwisho, akakiacha kitana palepale. Nilikaa nikalia kidogo. Yoshino akaniambia, "Lia, lakini usidondoshee machozi humo, Mwalimu ataandika ni mvua."

Jumapili ya tarehe ishirini na saba wananchi wote wanakaribishwa kuona. Kila kaburi linaelezwa na aliyelichimba, na mimi nimepewa kipaza sauti. Sikuombi uje. Nakwambia siku tu.

Kinue

—

Kawasaki, 4 Novemba 1985

Dada Kinue,

Natumaini mafua hayajakushika, maana siku ile upepo wa pale juu ulikuwa mkali.

Ndiyo. Nilikuja. Nilipanda treni ya Jumamosi usiku, nikashuka asubuhi, nikala stesheni ile supu ya kwetu ya vikaki, vibiskuti vya ngano, kama mgeni. Nilivaa kofia na kitambaa cha mdomo, nikasimama nyuma kabisa ya watu. Mlikuwa na watu wangapi? Magari yaliegeshwa mpaka darajani.

Nilikusikia kila neno. Ulisema mtu alipochimba shimo lile hakuwa na chuma, alichimba kwa jiwe na kwa mti, na ukingo ulipinda kwa sababu alikuta mzizi, akauzunguka badala ya kuacha. Ulisema mtu wa namna hiyo alikuwa anachimba kwa mapenzi. Watu wakasogea karibu. Mzee mmoja pembeni yangu, wa mjini, akaninong'oneza, "Huyu mama ni profesa wa chuo gani?"

"Ni dada yangu," nikamwambia. "Mkulima wa viazi vikuu."

Hakuniamini! Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, watu wakageuka. Ndipo nikaondoka, dada. Si kwa kukukimbia. Nilikuwa nalia ndani ya kitambaa, na sikutaka Yoshino anione.

Jumatano niliomba ruhusa kazini. Nikaenda ofisi ya mji ule wenye Kitsunedai, idara inayoshughulika na mambo ya kale. Alinipokea msichana wa umri wa Mayumi. Nikamwambia, "Nimekuja kusema nilichofanya." Akadhani nataka polisi. Nilimweleza yote, mwezi, idadi, upande wa kilima, kina cha kisu. Akamwita mkubwa wake, nikarudia. Wakaleta ramani yenye maduara mekundu kila mahali palipokuwa na watu wa kale. Kitsunedai patupu. Hapakuwa na alama yoyote, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuishi wala kufa pale.

Mkubwa akanipa kalamu. "Chora wewe, bwana. Wewe ndiye uliyeona."

Nikachora. Mkono huu unaendesha tani ishirini bila kutikisika, siku ile ulichora polepole, duara moja moja. Wakaandika pembeni: makaburi, yameharibiwa 1969, shahidi, na jina langu kamili. Wanasema chini ya bustani ya watoto iliyopo pale leo huenda kisu hakikufika mpaka chini, watapima siku moja wakipata nafasi. Inawezekana hakuna kitu. Lakini kwenye ramani sasa wapo.

Nyapara wangu wa sasa kasikia. Kaniuliza, "Mzee, si ungenyamaza tu? Nani angejua?" Nikamwambia, siku ukiona duara jeusi kwenye eneo langu, nizimie mashine kabla sijakuzima wewe.

Fumiko ameipigia pasi suti yangu, sijui anangoja nini.

Seikichi

—

Kamisawa, 24 Novemba 1985

Seikichi wa baba,

Leo theluji ya kwanza imeanguka, nyepesi. Sote wazima. Kesho tunakabidhi eneo. Leo tumefagia mashimo yote mara ya mwisho, tumepiga picha, kisha tukasimama mstari kama siku ya kwanza, thelathini na wawili, hakuna aliyeacha. Mwalimu alitaka kuhutubia, akashindwa, akaanza kuhesabu vijembe. Nozawa ametuma dereva wake mzuri kuliko wote kuja kufukia. Nimemkagua mwenyewe. Anafaa.

Barabara itapita, na mimi nitaipitia kwenda sokoni. Vitana vinahifadhiwa mkoani, na vitakapowekwa kwenye kabati la kioo, kikaratasi kitasema vimetoka shamba la ukoo wetu. Kwenye rasimu ya kitabu cha ripoti, shimo la arobaini na saba lina maelezo kurasa sita, na ukurasa wa kwanza umeandikwa nani alilitambua. Tokuji ameniomba niusome mara tatu, mara ya tatu akasema godoro gumu ndilo lililonipa nguvu.

Hiyo habari ya ramani nimewasomea wote chini ya turubai. Sikuwaficha Kitsunedai, ni yako na umeisema mwenyewe mahali pa kusemea. Nilipomaliza nikaikunja barua. Kisha Yoshino akasema, "Yule mng'ataji kawa mwanamume." Kutoka kwake hiyo ni nishani, itundike ukutani.

Na kuhusu kitambaa chako cha mdomo. Mdogo wangu, nimekubeba mgongoni miaka mitatu, nitashindwa kukujua kwa kofia? Nilikuona ulipokuwa unapanda kilima, unatembea kama baba, bega la kushoto mbele. Mwalimu alinifundisha nieleze kwa dakika tano na kwa sauti ya wastani. Nilieleza kwa dakika kumi na tano, na kipaza sauti nilikigeuza upande wako.

Nilipomaliza nikaja nyuma kukutafuta, umekwenda. Nilikasirika siku nzima, nikacheka siku ya pili.

Mwaka mpya vaa hiyo suti iliyopigwa pasi. Njoo na Fumiko na Mayumi, upite katikati ya kijiji mchana kweupe, na yeyote atakayekuuliza wewe mtoto wa nani, mjibu kwa sauti.

Dada yako,
Kinue